Mayai Chini ya Ndiva ya Mlare

Asubuhi ile sindano, mashine ya Idara ya Maji ya kuchimbia, ilipopanda Mlare kwa miguu yake sita, kilima kizima kilitoka kuipokea. Wanawake walipiga vigelegele mpaka makoo yakawakauka. Wanaume waliikimbilia wakaipapasa ubavuni kama watu wanaochagua ng'ombe mnadani. Kuku wa Mlare, ambao hawakuwa wamewahi kuona chuma kikitembea, walipanda juu ya mapaa na kukataa kushuka.

Mtu mmoja tu hakuinuka. Mzee Senzighe alibaki amekaa palepale kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilojenga babu wa babu zao ili kukusanya maji ya chemchemi usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Chemchemi ilishakufa. Ndiva ilikuwa imebaki bakuli kubwa la vumbi, na watoto walichezea mpira humo ndani.

"Shemeji!" Nakunda alimwita akimjia mbio. Huyu Nakunda alikuwa mdogo wa marehemu mke wake, tena ndiye mwenyekiti wa Mlare, na pembe ya kuwaitia watu kazini ilikuwa ikining'inia shingoni mwake. "Siku zote unawatukana watu wa Idara kwamba hawaleti kitu. Leo wameleta, na wewe umekaa kama mtu aliyefiwa."

"Kwani sikufiwa?"

"Ulifiwa, nami nilifiwa, alikuwa dada yangu. Inuka bwana. Haya, huyo mkeo wa chini kaamkaje?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Utani huo Senzighe alishauzoea. Misimu miwili alikuwa akivaa glavu mkono wa kulia kutwa nzima, na huko chini ya miguu yao, ndani kabisa ya udongo mwekundu wa Upare, nyoka kipofu mwembamba kama kamba ya kiatu alikuwa akipita na uzi wa Idara mgongoni. Alichogusa nyoka chini, Senzighe alikigusa juu: kokoto, mizizi, ukavu, ubaridi. Ladha haikuja, wala harufu. Mguso tu na baridi. Nyoka akipenya penye unyevu, kiganja cha mzee kilipoa kama kilichotoka kushika mtungi.

Aina ile ya nyoka haikujulikana popote isipokuwa kilima kile. Zamani watu wa Mlare walimfukua kwa jembe walipokuwa wakipanda maharage, wakamwita ndumakuwili kwa sababu hana macho ya kuonekana na ncha zake mbili zinafanana, wakamkata vipande wakaendelea kupanda. Kisha mvua zilipopotea, wakubwa wa Idara ya Maji ya Kina wakagundua kwamba kiumbe yule hunusa unyevu kuliko mashine zao zote. Wakaleta nyuzi na glavu. Kuleta, si kuja. Boksi lilishushwa kutoka angani na picha za maelekezo ndani yake, kwa sababu wakubwa waliutazama mlima wakaona ni mrefu.

"Kaamka vibaya," Senzighe alijibu, na sauti yake ikafanya Nakunda aache kucheka. "Hebu weka mkono wako hapa."

Akavua glavu akamvalisha shemeji yake. Nakunda alikunja uso, akatulia, kisha macho yakamtoka.

"Ni vitu gani hivi?"

"Unasikia nini?"

"Vidogo. Laini. Kama punje za mchele uliolowekwa. Amevizungushia mwili. Shemeji, vinapiga. Kimoja kimoja, ndani, tip, tip."

"Mayai," alisema Senzighe. "Siku zote hizi ametulia hapa, Idara wakashangilia kwamba amefika kwenye maji. Hakufika kwenye maji. Ametaga."

*

Mhandisi aliyekuja na sindano aliitwa Niwaeli Mchome, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na kioo cha kuandikia kilichofungwa mkononi. Alikuwa mtoto wa milima ya ng'ambo, na alijua adabu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja kabla hajagusa kazi yake.

"Shikamoo, baba Senzighe."

"Marahaba. Mmechelewa."

"Tumechelewa, baba, tusamehe. Nimekuwa nikisoma habari zako huko ofisini."

"Habari zangu au malalamiko yangu?"

"Malalamiko," Niwaeli alikiri, na watu wakaangua kicheko. "Lakini yana faida. Wewe ndiye uliyesema nyoka huyu anakwenda kinyumenyume. Jambo hilo halijulikani kwa nyoka yeyote duniani. Nimeandika taarifa nzima juu yake."

Hapo Senzighe alivimba kifua kidogo, hata akiwa na huzuni yake. Ni kweli alilalamika. Tangu siku ya kwanza, nyoka alipoanza safari, glavu ilimwambia anarudi nyuma: mguso ulianzia kwenye kifundo cha mkono, kwenye mkia, ukaishia kwenye kidole cha kati, ambacho ndicho kichwa. Aliwatumia Idara maneno makali kwamba mashine yao ni bovu kama wao. Wakamjibu kwamba mashine ni nzima, nyoka ndiye wa ajabu.

Niwaeli alieleza kazi ilivyo, na watu wakamzunguka. Sindano haichimbi kisima kama mashine za zamani. Inajitia ardhini yenyewe, nene kama shina la mgomba, inatafuna mwamba na kuacha nyuma yake bomba la udongo uliochomwa. Inaingilia pale nyoka alipolala, halafu inalala ubavu na kufuata upande anakoelekeza kichwa. Wilaya nzima ina sindano moja. Kila mwaka inakwenda vilima vichache, na pale juu ya njia, kivulini, watu wa kilima cha pili walikuwa wameshakaa na kamba zao za kuiongozea, wanasubiri Mlare wakosee jambo.

"Kinachobaki ni kidole chako tu, baba," Niwaeli alisema, akamnyooshea kioo. "Sheria inataka msikilizaji athibitishe kwamba nyoka ametulia juu ya maji. Ukigusa hapa, nafungulia."

Senzighe hakugusa.

"Na nisipogusa?"

"Kivuli cha sindano kikifika miguuni mwake, jua la utosi, naiondoa. Sina hiari, ndivyo ilivyopangwa."

"Na nikigusa, mayai yanakuwaje?"

Mhandisi alitazama kioo chake, akatazama ardhi. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Mayai yamo njiani," alisema taratibu. "Hakuna aliyewahi kuyaona mayai ya nyoka huyu. Sikujua. Lakini, baba, mahindi yale pale yameungua. Watoto wanateka maji bondeni. Ni mayai ya nyoka."

Kelele zikapanda. Mmoja akasema, "Mzee, bonyeza tufunge mjadala!" Mwingine akasema, "Tutakufugia kuku, utapata mayai hadi uchoke!" Na mama mmoja aliyebeba dumu tupu mgongoni hakutania. Alisema, "Mimi nimeshuka bondeni na kupanda tangu jogoo wa kwanza, Senzighe. Nina mtoto wa kunyonya. Niambie mimi nimsubirie nyoka wako."

Huyo ndiye aliyemchoma. Senzighe alisimama, na watu wakajikunja, maana walijua mzee yule akisimama mkutanoni ni kuwashushua wakubwa mpaka jua linazama. Zamani alikuwapo wa kumzuia. Mke wake Naetwe alikaa karibu naye, akauingiza mkono wake chini ya kitenge na kumkuna kiganjani kwa kucha moja, kidogo tu, kumwambia inatosha sasa, kaa. Naye alikaa kila mara. Tangu Naetwe aondoke hakuna aliyeweza kumkalisha.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Kiu yako ni ya kweli kuliko maneno yangu. Ila nisikilizeni. Naetwe alipozidiwa niliita ambulensi ya angani. Mnakumbuka, mlisimama nami uwanjani mkipunga mashuka. Sauti ikaniambia kilima chenu hakina watu wa kutosha, subirini zamu. Kuna mtu mahali fulani alitazama kioo, akaona nukta ndogo, akasema hawa ni wachache. Nimemlaani mtu huyo kila siku ninayoamka." Akakinyanyua kiganja chenye glavu. "Leo kioo ninacho mimi. Na hawa ni wachache, wako chini, hawaoni, hawana wa kuwasemea. Kidole hiki kikibonyeza, nitamlaani nani kesho?"

Hata watu wa kilima cha pili waliacha kutafuna miwa.

Nakunda aliipeleka pembe mdomoni akapuliza kwa nguvu zote, mlio mrefu uliokwenda ukagonga mlima wa pili na kurudi. Ulikuwa mlio wa msaragambo, kazi ya wote, na kila mzaliwa wa Mlare anajua maana yake: pembe ikishalia, hakuna anayekula, hakuna anayeondoka, mpaka kazi imekwisha, na atakayeiharibu hulipa faini ya dengelua, pombe ya miwa, akaileta mwenyewe kichwani.

"Sindano inahesabu kivuli, sisi tuna mikono," alisema. "Tutafukua wenyewe mpaka tumfikie, tumhamishe mama na mayai yake mahali pa baridi. Jua halijafika utosini. Mhandisi, kuna sheria inayokataza watu kuchimba ndiva yao?"

Niwaeli alifikiri. "Hiyo hawakukumbuka kuiandika," alisema, akavua viatu.

*

Majembe yalikatazwa, kwa kuwa jembe halimjui nyoka. Basi watu wakakimbia majumbani wakarudi na walichokuta jikoni: miko, vijiko, vifuu, sahani za bati, na bibi mmoja akaja na mwiko wa kusongea ugali wa arusi, mrefu kama kasia, akatangaza kwamba wenye vijiko wampishe. Wakaingia ndani ya ndiva wakachimba kwa kupokezana, udongo ukapita mkono kwa mkono, na wimbo ukaanza bila mtu kuuanzisha. Walimwimba Senzighe mwenyewe: kwamba ameoa chini, mahari kalipa kwa mchwa, na leo ukoo mzima unakwenda kumtembelea mwali.

"Huo wimbo nitautolea taarifa Idara!" Senzighe aliwapigia kelele akiwa juu, glavu mkononi, anawaongoza. "Kulia kidogo! Anasikia vishindo. Pole pole, wee mwenye mwiko, hupiki!"

"Mzee, kwani wifi anasemaje?"

"Anasema mna miguu mizito!"

Mama mwenye dumu naye alikuwa shimoni, mtoto mgongoni, anachota udongo kwa kifuniko cha sufuria. Watu wa kilima cha pili walivumilia, walivumilia, kisha kijana wao mmoja akashuka, akaomba kijiko. Mwenzake akamfuata. Mtu hawezi kukaa kivulini penye wimbo kama ule.

Kivuli cha sindano kilikuwa kimebaki upana wa kanga iliyokunjwa pale Nakunda aliponyoosha mkono na kusema, "Simameni!"

Chini ya jiwe bapa kulikuwa na kijitundu kilicholainishwa kama ndani ya chungu. Humo, nyoka yule alikuwa amejizungusha, rangi ya waridi iliyopauka, anang'aa. Katikati yake mayai yalijipanga meupe, madogo, yanapitisha mwanga. Watu waliinama mmoja mmoja kutazama, wakashusha sauti kama walioingia chumba cha mzazi.

Niwaeli alipiga magoti, akamsogezea kioo chake cha kukuzia vitu. Akatazama ncha ya nyoka yenye alama nyekundu ya uzi. Akatazama ncha nyingine. Akarudia ile ya kwanza.

"Baba Senzighe," aliita kwa sauti ya ajabu. "Siku ile mlipobandika uzi, nani alisema kichwa ni kipi?"

Ndiva nzima ikageuka kumtazama mzee.

Walikumbuka wote. Nyoka alikuwa kwenye ungo, watu wamemzunguka, ncha mbili, hazina macho. Picha za Idara zilisema nyekundu iwekwe kichwani. Nakunda akasema kichwa ni huku. Senzighe akamkamata nyoka, ncha moja ikamchoma kiganjani kama mwiba, naye akapaza sauti: kinachochoma ndicho kichwa, mkia haujawahi kumchoma mtu! Na akamwambia Nakunda kwamba yeye hata mbuzi wake hajui upande wa kumkamulia.

"Kwa nini unauliza?" Senzighe alisema.

"Kwa sababu nyoka hawa wana kijimwiba mkiani. Hujisukumia nacho. Na macho, vinukta viwili hivi chini ya gamba, yako upande wa pili." Akaanza kutetemeka mabega. Watu walidhani analia. "Kumbe anakwenda mbele! Siku zote anakwenda mbele, kama nyoka yeyote! Na mimi nimeandika… nimewasomea mkutanoni… wamesimama wakanipigia makofi…"

Akashindwa kumaliza. Alikaa chini mavumbini, kofia ikamwanguka, akacheka mpaka akashika mbavu. Nakunda akamwangukia begani. Bibi wa mwiko akauachia mwiko. Kicheko kikapanda kingo za ndiva, kikawafikia kuku juu ya mapaa.

Senzighe alisimama peke yake, uso umemwiva. Misimu miwili amewatukana wakubwa kwa mashine bovu, na mashine ilikuwa nzima, ila ilibandikwa kinyume kwa mkono wake. Na wakubwa nao walikuwa wamemwamini! Hapo kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashuka uwanjani, alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kama mlango ambao haukufunguliwa siku nyingi, lakini kilifunguka.

"Ngojeni," mama mwenye dumu alisema ghafla. Alikuwa bado ameinama. "Ikiwa kichwa kiko huku, basi anaelekea wapi?"

Wakainama tena. Kichwa cha kweli kilikuwa kimelala kwenye ufa wa mwamba, upande wa juu wa mlima, si upande wa bonde walikokuwa wakielekezwa na kioo. Na ufa ule ulikuwa umelowa. Hakukuwa na maji ya kuchota, jasho tu, tone moja lililovimba, likakua, likashuka kwenye pua ya nyoka, naye akalinywa.

Niwaeli aliacha kucheka. "Ningeitumbukiza hapa," alisema polepole, "ningeyasaga mayai, halafu ningekwenda upande wa bonde, kwenye mwamba mkavu, mpaka mwisho." Akainuka mbio kwenda kwenye sindano. "Hatumhamishi! Mfunikeni alivyokuwa, na majani mabichi juu, kisha udongo wa mfinyanzi maji yasimfikie! Naanzia kule juu ya ukingo, nyuma ya mwamba, nifuate ufa. Baba, kidole chako!"

Kivuli kilikuwa kinagusa miguu ya sindano. Senzighe aliikimbilia kama kijana, akakigusa kioo kwa kidole kilichojaa udongo.

*

Maji yalikuja siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, mekundu kwanza, kisha ya rangi ya maziwa, kisha maji. Watu wa kilima cha pili walikuwa bado wapo, kwa sababu mtu akishachimba msaragambo wa Mlare huwa amekuwa wa Mlare, na sindano ilipoondoka waliondoka nayo huku wakiimba ule wimbo wa mwali. Faini ilitozwa palepale. Senzighe alibeba mtungi wa dengelua kichwani kwa kosa la kubandika, na Mhandisi Niwaeli akabeba wake kwa kosa la kuandika, na Nakunda akawapimia wote wawili kwa kata moja.

Ndiva ilipojaa, mkubwa wa Idara alikuja mwenyewe kwa chombo cha angani, na mlima siku hiyo haukuwa mrefu. Watu wa Mlare waliketi kwenye ukingo wakamsikiliza. Mkubwa alieleza jinsi Idara ilivyoona mbali. Alieleza jinsi Idara, kwa utaalamu wake, ilivyogundua mayai na kuyalinda, na jinsi ambavyo haikuwahi, hata siku moja, kuwasahau wananchi wa kilima hiki.

Senzighe alisimama.

Kando yake Nakunda alifunga macho. Niwaeli, aliyekaa nyuma ya mkubwa, alitazama viatu vyake. Kila mtu aliona kifua cha mzee kikijaa, na maneno yalikuwa yamepangika tayari mdomoni, yenye makali, ya haki, ya miaka.

Ndipo kiganja chake kilipokunwa.

Kidogo tu, kama kucha moja. Akatulia. Kikakunwa tena, mahali pengine, na tena, miguso myembamba isiyo na uzito, ya kila upande kwa pamoja: ndani ya glavu, chini ya maji na mawe na miguu ya watu wote wale, mayai yalikuwa yanapasuka, na vitoto vipofu vilikuwa vinampapasa mama yao vikitafuta njia.

"Ndiyo, mzee?" mkubwa alisema. "Ulitaka kusema jambo?"

Senzighe aliutazama mkono wake. Uso wote ukafunguka.

"Hapana," alisema. "Nimeambiwa nikae."

Akakaa. Akamvuta shemeji yake, akavua glavu, akamvalisha ili naye asikie.